Chupa Niliyofungua Kabla ya Wageni

Jumanne, 10 Februari

Daktari ameniambia niandike kila ninachokula na kunywa, ili tujue ni kitu gani kinakiamsha kidole changu. Haya, naandika. Asubuhi: chai. Mchana: maharage. Jioni: hasira.

Ugonjwa wenyewe unaitwa jongo. Kidole gumba cha mguu wa kulia kimevimba na kuiva kama nyanya, hata shuka ikikigusa napiga kelele. Amenikataza bia, maini, mishikaki ya mbuzi, na ndagala. Ndagala! Nimezaliwa Bwiza, hapa hapa Bujumbura, nimekulia ndagala, nimemlea binti yangu kwa ndagala, leo mtu mwenye koti jeupe ananiambia vile visamaki ndivyo vinavyonimaliza. Nikamwuliza, sasa nikikaa na wenzangu nitakunywa nini? Akasema, "Kama ni lazima, glasi ya divai. Moja, muzee. Moja."

Divai mimi naijua ya harusi za wakubwa, ile unayomiminiwa kidogo chini ya glasi kana kwamba mhudumu amekosea.

Ijumaa, 13 Februari

Nimekwenda kwa Lisette, mwenye duka pale kwenye kona yetu Kinanira. Kabla ya duka alikuwa mhudumu katika hoteli moja ya ufukweni. Nikamwambia nataka divai, lakini mshahara wa ofisi ya serikali anaujua. Akacheka mpaka akaegemea friji. "Papa Raïssa, we mutu wa bia, leo divai?" Akaniuzia ya boksi, kutoka Afrika Kusini, yenye kibomba chini. Anasema chupa ukishaifungua inaanza kufa, lakini ya boksi hewa haiingii, mtu wa glasi moja inamfaa.

Nimeonja. Inakwaruza ulimi. Mke wangu Epiphanie kaonja, kasema imekosa sukari.

Jumatatu, 16 Februari

Glasi moja. Kidole bado.

Jumatano, 18 Februari

Kwaresima na Ramadhani zimeanza siku moja. Wakatoliki wa ofisini wameacha bia, Waislamu wa Buyenzi wameacha hata maji mchana, na mimi daktari alishanitangulia. Nimepita gereji ya Khaled, fundi wangu, rafiki yangu tangu tukiwa vijana. Gari limepona, lakini mafuta hakuna mjini, kwa hiyo limekaa pale pale likiwa zima. Nikamweleza Khaled habari za divai. Akanisikiliza mpaka mwisho huku midomo imemkauka kwa saumu. "Mi sijawahi kugusa hiyo kitu," akasema, "mais we unaiongea kushinda wenye wanaikunywaka."

Ni kweli. Inaanza kunipendeza kuiongea.

Jumapili, 22 Februari

Leo tumefanya darasa. Binti yangu Raïssa, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na hawezi kuacha kufundisha hata Jumapili, alisoma maelekezo kwenye simu yake: kwanza unaangalia rangi, halafu unanusa, halafu unakunywa kidogo na kuishikilia mdomoni kabla ya kumeza. Mchumba wake Espoir alileta chupa moja, sisi tukatoa nyingine. Epiphanie alizifunga zote gazeti ili tusijue ipi ni ipi. Tulitumia glasi zetu za maji. Wote wanne tuliipenda ile ya bei ndogo! Espoir, aliyenunua ile ya bei kubwa, alichekwa mpaka akajificha jikoni.

Nimejifunza pia kwamba joto la Bujumbura si joto la divai. Ile nyekundu, kabla ya kuinywa, inataka kukaa kwenye friji kidogo, la sivyo inakuwa kama dawa ya kikohozi. Ikipoa unaanza kusikia mambo. Mimi nilisikia mapera. Raïssa alisikia udongo wa mvua ya kwanza. Epiphanie alisema anasikia divai.

Baba yake Espoir ni Audace, jirani yetu wa ukuta mmoja. Nilimwita aje tuonje pamoja. Alisimama getini akasema, "Merci voisin, mi nilishakunywa ku nyumba." Tangu mkewe Danielle afariki mwaka jana hajaketi kwangu. Huzuni ina njia zake, namwacha.

Jumamosi, 28 Februari

Espoir amekuja na suti kutuambia kwamba baba yake atakuja rasmi tarehe 14 Machi, pamoja na Méthode, kaka mkubwa wa Audace, kubisha mlango, yaani kuposa. Tukikubaliana, mahari itafuata baada ya Pasaka. Epiphanie alipiga vigelegele. Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia mfereji.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Glasi moja. Kidole kimetulia.

Alhamisi, 12 Machi

Kwa wageni wa namna hii boksi ni aibu. Lisette amenichagulia chupa moja nyekundu, si ya kutisha kwa bei ila ina heshima. Amesema hii ni kali ikifunguliwa tu, inabana mdomo, inabidi ifunguliwe saa nzima kabla ya kunywewa ili ipumue. Jioni nikamweleza Epiphanie habari za divai kupumua. Akaniuliza kama kidole nacho kinapumua. Mwanamke huyu hana adabu, na nampenda.

Jumamosi, 14 Machi

Naandika usiku huu huu, kabla sijalala.

Walisema watafika saa tisa alasiri. Saa nane nilifungua ile chupa. Nikamimina kidogo, nikanusa, nikaonja, kuhakikisha haijaharibika. Ilikuwa kali kweli. Nikarudisha kizibo juu juu, nikaiweka mezani katikati ya glasi, nikaitazama kwa fahari. Wiki kadhaa za kujifunza, na hii ndiyo siku yake.

Walifika na miavuli. Audace, Méthode, Espoir nyuma yao. Méthode aliongea vizuri sana, maneno ya kuzunguka kama inavyotakiwa, kwamba wamepita njia hii wakaona nyumba ina ua zuri. Mimi nikajibu kwamba maua yetu yanalindwa. Tukacheka, hata Audace alitabasamu. Raïssa alikuwa chumbani ameuacha mlango na ufa, nilimwona.

Nikasema basi tunyweni. Nikaichukua chupa, nikang'oa kile kizibo kwa vidole viwili tu, kikatoka bila sauti.

Audace aliangalia kizibo, kisha chupa. Divai ilikuwa imepungua pale shingoni.

"Imefunguliwa," akasema.

"Ndiyo, voisin, tangu saa nane. Inapumua. Divai ya namna hii lazima ipumue."

"Inapumua," akarudia polepole. "Na ile yenye haiko?"

"Mi nilionja kidogo."

Méthode aliweka glasi yake mezani, akaigeuza kichwa chini. Espoir akasema, "Papa, tafadhali." Audace alikwisha simama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata alichokuwa akikingojea. "Mi nilishakunywa ku nyumba," akasema, akachukua mwavuli wake, wakatoka.

Nilibaki na chupa mkononi. Ndipo akili ikanirudia. Mimi, mtu wa hapa, mwenye miaka hamsini na minane! Ni nani asiyejua kwamba hapa kwetu kinywaji hufunguliwa mbele ya macho ya anayekunywa, asije akawekewa sumu? Hata kwenye kibanda cha uchochoroni, mhudumu anakuletea chupa imefungwa, unaigusa, unaitikia kwa kichwa, ndipo anafungua. Akija nayo imefunguliwa unamrudisha nayo, wala hakuna anayekulaumu. Na mwenye nyumba akitoa pombe ya mtungi, anaonja kwanza yeye, wageni wakimwona. Nimefanya hivyo maisha yangu yote bila kufikiri. Lisette akaniambia divai ipumue, nikasahau nilikozaliwa.

Lakini ni kosa la kuchekwa, si la kuvunja uchumba. Kwa nini Méthode ageuze glasi? Epiphanie alikusanya glasi akaenda kuziosha, wakati hakuna aliyezinywea.

Raïssa amelia mpaka sauti imekauka.

Jumapili, 15 Machi

Mvua.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua. Raïssa hakwenda shule. Ile chupa nimeimwaga bustanini.

Jumatano, 18 Machi

Nilikwenda gereji kumweleza Khaled, nikitaka anicheke ili niamini ni jambo la kucheka. Hakucheka. Aliifuta mikono muda mrefu na kitambaa ambacho ni kichafu kuliko mikono.

"Gélase, vraiment, hujuaka?"

"Nijue nini?"

"Mama Espoir, Mungu amurehemu. Wanasemaka alikunywa kwako. Siku ya fête ya Raïssa."

Nikakaa kwenye tairi.

Nakumbuka ile sherehe. Raïssa alikuwa amemaliza chuo. Danielle alikuja na kitenge cha manjano, akanywa juisi ya marakuja aliyoikamua Epiphanie kwa mkono wake, akasema tumbo linamkata, akarudi nyumbani mapema. Baada ya wiki chache akafa hospitalini. Audace aliambiwa ini limeshindwa kazi. Na huku kwetu ini la mtu aliyekuwa mzima jana likishindwa, watu hawaulizi ugonjwa, wanauliza alikunywa wapi.

"Toka lini wanasema?" nikamwuliza Khaled.

"Toka matanga."

Mwaka mzima! Nimewasalimia watu wa mtaa huu mwaka mzima, wananijibu "amahoro, muzee", na moyoni wananiona na kichupa mfukoni. Yule jirani wa chini anayekataa chai kwangu kwa sababu ya sukari ya damu. Mama wa kwaya aliyeacha kuja. Wote niliwatafutia sababu nzuri. Nimekuwa mjinga. Ninaona haya, na nina hasira kiasi kwamba kidole kimeanza kuuma tena bila hata tone la kitu.

Ijumaa, 20 Machi

Khaled ametuletea pilau la Idi. Alikaa akala nasi kwenye sinia moja, akanywa maji ya jagi letu, akaomba mengine kwa sauti kubwa karibu na dirisha la barabarani. Nilijua anafanya nini. Nusura nilie.

Jumamosi, 21 Machi

Nimekwenda kwa Audace. Alitoka mpaka getini, hakufungua. Tuliongea kwenye vyuma, mvua ikitupiga wote.

"Audace, tumekaa hapa miaka mingi. Wewe unaamini niliua bibi yako?"

"Mi sikusema."

"Hukusema, lakini unaamini?"

Akafikiri. Afadhali angekasirika, lakini alifikiri kweli kweli, kama mtu anayetafuta ufunguo. "Mi najua kitu kimoja. Aliingia kwako muzima, akatoka mugonjwa. We niambie ni nini iko katikati."

"Juisi ya marakuja!"

"Nani aliona ikikamuliwa?"

Audace akasema hatamzuia Espoir, mtoto ni mkubwa, aoe anapotaka. Lakini yeye hatatia mguu kwenye harusi hiyo, wala Méthode, wala mtu yeyote wa ukoo wao.

Raïssa aliposikia alisema, "Basi mi siolewi. Siwezi kuingia mu familia yenye inaogopa mukono wangu. Nikimupikia muzee chakula, ataangalia sahani?" Ana haki. Atakuwa mkwe anayeonjeshwa chakula chake mwenyewe kila siku ya maisha yake.

Jumanne, 24 Machi

Mvua. Bonde la chini limejaa, barabara imekatika kuelekea Kanyosha. Sijanywa kitu. Lisette aliniuliza ile chupa ilikuwaje. Nilimwambia ilipumua vizuri.

Jumamosi, 28 Machi

Espoir amekuja, wakakaa na Raïssa barazani. Alipoondoka binti yangu alikuwa amevua pete ya uchumba aliyopewa na Espoir, ameishika kwenye kiganja. Hajamrudishia. Hajaivaa.

Epiphanie anaosha vitu visivyo vichafu. Leo ameosha mapazia.

Alhamisi Kuu, 2 Aprili

Baada ya kutoka kanisani Epiphanie alikaa mbele yangu mezani na nguo zake za ibada, akaweka mikono miwili juu ya meza.

"Papa Raïssa, Danielle alikuwa mugonjwa kabla ya fête. Mbele sana."

Sikuelewa.

"Ini. Alipimwa, wakamwambia haina dawa. Alikuja kuniambia mimi, pale jikoni. Siku ya fête tumbo lilikuwa linamukata toka asubuhi, mi nilimwambia abaki kwake, akakataa."

"Na Audace?"

"Audace hakujua. Danielle aliniapisha nisimwambie. Nilishika Biblia."

Niliinuka, nikakaa, nikainuka tena. Nikamwuliza kama alikuwa anajua wanachosema mtaani. Nilitaka aseme hapana. Akasema, "Nilisikia toka matanga."

Nimeishi na mwanamke huyu miaka thelathini. Sijawahi kumpigia kelele kama leo. Nilimwambia ameniacha nitembee mwaka mzima nimevaa jina la muuaji, na ufunguo wa kunivua anao yeye, ameukalia. Nilimwambia ile juisi aliikamua yeye, kwa hiyo na yeye jina hilo limempata, ana wazimu gani?

"Nilifikiri itapita," akasema. "Na yeye amekufa, hawezi kunifungua kiapo. Ningemuomba nani ruhusa?"

Nilitaka kumwambia kwamba walio hai nao wana haki. Nikamwangalia mikono, imebabuka kwa sabuni ya wiki tatu, nikaacha. Alikuwa anachagua kati ya kumvunja mfu na kumvunja mtoto wake. Sijui mimi ningechagua nini. Hilo halikuniondolea hasira. Nimelala sebuleni.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Epiphanie alikwenda kwa Audace mwenyewe, hakuniomba nimsindikize. Nilimfuata nikichechemea.

Alimwambia yote pale kwenye sebule yake, amesimama, mikono nyuma. Alipomaliza, Audace alisema kwa sauti ndogo kwamba tumetunga, kwamba tunamsingizia marehemu ili tujisafishe. Epiphanie akamtajia daktari aliyempima, na mwezi, na rangi ya bahasha ambayo Danielle alifichia majibu chini ya nguo za kanisani kabatini. Audace akaingia chumbani. Tulisikia kabati linafunguliwa. Halafu tukasikia karatasi zikifunuliwa moja moja.

Alirudi mikono mitupu, lakini macho yalikuwa mengine.

"Tokeni," akasema. "Nawaomba, tokeni."

Njiani Epiphanie alisema, "Nimemuua Danielle mara ya pili." Nilimshika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa tangu jana.

Pasaka, 5 Aprili

Kuku. Wali. Hakuna divai. Gari la Audace halikutoka kwenda kanisani.

Jumatano, 8 Aprili

Mvua, mvua, mvua.

Jumapili, 12 Aprili

Audace amekuja leo baada ya misa, peke yake. Amekonda. Alikuwa na chupa ya divai iliyofungwa gazeti, aliyonunua sijui kibanda gani, akaiweka mezani bila kusema ni ya nini. Alikaa kwenye kiti alichokaa ile siku. Hakuniangalia mimi, alimwangalia Epiphanie.

"Mama Raïssa, nakuja na swali moja. Siku alikuambia, alisema juu ya nini mimi nisijue? Useme yote. Usinipunguzie."

Epiphanie alivuta pumzi. "Alisema, 'Audace akijua, ataacha kucheka. Mi nataka kufa namusikia anacheka.'"

Kwa wasiomjua: Audace huyu, kabla ya msiba, alikuwa akicheka nyumbani kwake tunasikia mpaka chumbani kwetu. Mimi nilikuwa nikilalamika.

Aliinamisha kichwa. "Na alinisikia?"

"Alikusikia mpaka mwisho. Alikuwa ananiita pale ku ukuta, ananiambia, 'Sikiliza yule, leo anacheka nani tena?'"

Basi mzee mzima akalia. Alilia mbele yetu bila kujificha, kamasi na yote, Epiphanie akampa leso ya meza. Alipoweza kuongea aliniangalia mimi.

"Gélase, nilitaka iwe sumu. Kama ni sumu, iko na mutu wa kuchukia. Sasa nachukia nani? Ninamuchukia yeye?"

Nikamwambia hata mimi sijui, kwamba hasira na mke wangu mwenyewe bado sijaimaliza. Epiphanie akasema, "Bado kabisa." Audace akatoa sauti fulani puani. Haikuwa kicheko, lakini ilikuwa jirani yake.

Akaomba kizibuo. Akaifungua ile chupa yeye mwenyewe, akanimiminia mimi, akammiminia Epiphanie, akajimiminia. Raïssa alikuwa amesimama mlangoni. Akamwambia, "Mama, mahari itakuwa siku gani? Méthode anataka kujua mapema, anavaa suti ya kushonesha." Raïssa alikuja akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili, na nikaona pete iko kidoleni. Sijui aliivaa saa ngapi.

Nikainua glasi. Ilipofika puani nilijua mara moja. Divai imekufa, ina ukali wa siki, lazima ilisimama juani dukani miezi. Raïssa naye alinusa ya mama yake, akanitazama, nikamkazia macho.

Audace alikuwa amekwisha kunywa. "Iko namna gani?" akaniuliza. "Wanasemaka we sasa ni mujuzi."

"Iko muzuri sana," nikasema, nikaimaliza, nikamnyoshea glasi aniongeze.